Majani ya Manjano Mlangoni

Mama yangu hawezi kuona nyasi karibu na mlango akatulia. Alipotoka Kenya kuja kunitembelea hapa Guildford, siku ya pili tu alikuwa ameshajitengenezea ufagio wa matawi, na uwanja umefagiliwa hadi udongo ukabaki na mistari. Uwanja wenyewe ni wa nyumba ya kupanga, jamani.

Kando ya ngazi nilikuwa na maskari. Ni maua madogo ya buluu, kimo cha kidole, yanayoota kutoka kwenye mizizi iliyo kama vitunguu, isiyozidi punje ya kitunguu saumu. Hutoka Septemba, maana huku kusini mwa dunia ndipo baridi huanza kuondoka. Nilipewa na mzee aliyekuwa jirani yetu. Mkewe alikuwa ameyapanda, akafariki, nyumba ikauzwa, na mzee akahamia makao ya wazee. Kabla ya kuhama alivichimbua vile vitunguu kwa mikono yake, akaniletea kwenye mfuko wa karatasi. Mwaka uliofuata bintiye alimleta kuyaona. Mzee aliketi nusu saa mbele ya ngazi yangu, kisha akaniuliza kama anaweza kurudi mwaka ujao. Nikamwambia karibu sana.

Sasa, maskari yakishamaliza kuchanua, majani hugeuka manjano na kulala ovyo, na huruhusiwi kuyakata mpaka yakauke yenyewe, kwa sababu ndiyo yanayolisha kitunguu. Hayo ya majani nilimweleza mama. Nilimweleza mara tatu!

"Mama, usiyaguse."

"Nyasi zimekufa mlangoni, wageni wa kanisa watasema nini?"

"Si nyasi, Mama."

"Haya. Si nyasi."

Ile "haya" yake naijua tangu nizaliwe. Maana yake ni kwamba anangoja uende kazini.

Alhamisi moja ya Novemba nikarudi kutoka shifti ya asubuhi, miguu inawaka, nikakuta kando ya ngazi peupe kabisa. Aling'oa kila kitu kwa kisu changu cha jikoni, hadi vitunguu. Nikakimbilia pipa la takataka za bustani. Tupu. Gari la taka lilikuwa limepita saa mbili asubuhi.

Nilipiga kelele, sitadanganya. Nilimwita mama yangu mzazi mkaidi, na yeye akanikumbusha ni nani aliyenifulia nepi. Nikasema, "Yalikuwa ya marehemu! Mke wa mzee aliyenipa!"

Akaketi kwenye ngazi. "Kwa nini hukuniambia ni ya marehemu?"

Nilikuwa nimemwambia habari za majani, za mizizi, za chakula cha kitunguu, kama muuguzi anayemweleza mgonjwa dawa. Hilo moja sikulisema, kwa sababu nilijua angetaka kuyaombea kila asubuhi, na mimi nilikuwa nimechoka. Mama aliondoka Desemba. Mwezi wa nne nikanunua vitunguu vingine dukani, nikavipanda palepale bila kumwambia mzee.

Na yeye, kila Jumapili kwenye simu: "Umemwambia mzee?"

"Mama, niache."

"Mwambie ni mimi. Mimi ni mzee mwenzake, atanielewa."

"Wee Mama, niache jamani!"

Septemba mzee akaja. Bintiye alimshusha, naye mzee akakaza breki za kigari chake chenye kiti anachokiegemea akitembea, akakikalia. Maua yalikuwa yamechanua vizuri, na nilikuwa na sentensi yangu tayari, jinsi mwaka huu yalivyopendeza. Aliinama akashika ua moja kwa vidole viwili, kwa muda mrefu.

"Ya kwake yalikuwa na buluu iliyokolea zaidi," akasema.

Bintiye akatazama barabarani.

"Nani aliyang'oa?" Hakuwa na hasira. Alitaka kujua tu.

"Ni mimi," nikasema.