Spika za Baba Kwenye Kona

Jumamosi iliyopita nilipita duka la mitumba kule Downsview, hapa Toronto, nikaziona spika kama za baba, ndefu, za mbao nyekundu. Nikageuka nikatoka nje hapo hapo. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kutishwa na kabati la spika.

Tulikaa Thorncliffe Park, ghorofa za juu, miaka ya elfu mbili mwanzoni. Baba alishinda ghalani akipakia maboksi, akirudi anashinda na muziki wake wa dansi. Spika zile zilikuwa na njaa ya umeme, amplifaya yake ya kwanza haikuziweza. Akiipandisha, sauti inapasuka, hadi spika moja ikaungua. "Watu wanaogopa amplifaya kubwa," alitufundisha, sisi watoto tukiitikia kwa Kiingereza. "Inayoua spika ni ndogo inayolazimishwa." Akatafuta kubwa. Sasa vikombe vikawa vinacheza kabatini, na mama wa Kikongo wa nyumba ya chini akawa anagonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Baba alipunguza huku akitukana.

Na baba alikuwa anapiga. Alimpiga mama kwa ngumi na kwa mkanda, chapati ikiungua, simu ikiita sana, chochote. Kabla hajaanza aliongeza muziki ili majirani wasisikie kilio. Ufagio ule ndio uliomwokoa mama. Ukigonga, baba anapunguza, na muziki ukiwa chini alikuwa mwoga.

Ndipo akaamua kukitengeneza chumba. Akatandika mazulia mazito, akaegemeza magodoro ukutani, akazitoa spika kwenye kona kwa sababu kona huvimbisha besi. Alitueleza hayo tukila ugali na mchicha, mama akisikiliza. Kweli muziki ulitulia. Mpiga gitaa la solo ungedhani amekaa nasi kwenye sofa. Ufagio nao ukanyamaza, maana besi haikufika tena nyumba ya chini. Kipindi kile mama alipigwa mpaka jino likatoka, na hakuna aliyegonga.

Jumapili moja, baba akiwa kazini, mama aliondoa magodoro, akakunja mazulia, akazisukuma spika mpaka kwenye kona. Nilimsaidia kusukuma.

"Nataka mtu asikie," aliniambia.

Baba alirudi alasiri na hasira za bosi wake. Akaongeza sauti, akamkamata mama nywele, ngumi ya kwanza ikampata mdomoni. Ya pili ikabaki hewani. Baba aliinamisha kichwa, anasikiliza.

"Nani kagusa spika zangu?"

Sasa akawa anampigia spika. Damu kwenye kanga, madirisha yanatetemeka, ufagio unagonga chini, naye kwa hasira hakukumbuka kupunguza. Kisha mlango.

"Papa, fungula mulango!"

Nilifungua mimi. Mama wa Kikongo aliingia na mwiko wa ugali, wanawake wawili nyuma yake, akamchapa baba mkononi mpaka akaziachia nywele. Tulishuka naye, hatukurudi tena.

Mama yule wa Kikongo alishafariki. Baba yuko mji mwingine, hatuulizani. Kinachoniudhi ni kwamba muziki mtamu kama ule sijausikia tena popote, na nautamani. Nilimwambia mama juzi, nikiogopa atakasirika. Akaguna.

"Hata mimi," alisema. "Alijua muziki, mshenzi yule."