Kundi la Tatu, Matembezi

Mpaka leo sijapanda ndege, lakini nimewaandikia watu wengi tiketi za kupanda. Duka letu hapa Arua lilikuwa la Mhindi mmoja aliyeuza vitambaa, mafuta ya taa na tiketi. Wahindi walipofukuzwa, mjomba wangu akagawiwa duka hilo na vyote vilivyokuwamo. Vitambaa mjomba alivijua. Tiketi alizisukuma chini ya kaunta kwa mguu, kama kitu kinachoweza kuuma. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, basi akaniambia, "Wewe iko na shule. Soma hii makaratasi."

Nikasoma, nikayapenda. Siku za ndege nilikuwa uwanjani tangu asubuhi na daftari langu, pale karibu na mizani ya kupimia tumbaku, maana ndiyo tuliyopimia mizigo na hata abiria wenyewe. Tulikuwa tunafukuza mbuzi kwenye njia ya ndege, halafu tunangoja. Kila aliyeshuka nilimwuliza mawingu yakoje kwa ndani. Mfanyabiashara mmoja alisema ni baridi tu. Sista wa misheni ya Ombaci alisema ni kama pamba kabla ya kuchambuliwa, nami jibu hilo nikalilalia wiki nzima.

Mwanzo wa mwaka wa sabini na saba redio ikaanza kusema kwamba nchi zetu tatu zinaachana. Ndege zilikuwa za nchi zote tatu, kama ndugu wenye baiskeli moja, na sasa ndugu hawasemezani na baiskeli imelala Nairobi. Ikaja barua kutoka Kampala, ndefu, yenye mihuri. Serikali imepanga namna ya kuwasaidia wasafiri ndege zikikatika. Kila wakala aandike orodha ya wanaotaka kusafiri, na mbele ya kila mmoja aandike sababu ya safari. Kundi la kwanza ni watumishi wa serikali na wagonjwa. Kundi la pili ni wanafunzi na wafanyabiashara. Kundi la tatu ni matembezi. Ndege ya mwisho itachukua watu kwa kufuata makundi hayo, na watakaofika Entebbe wataunganishwa siku ileile na ndege ya Nairobi. Watakaobaki "wapewe maelezo". Maelezo gani, barua haikusema.

Mama akaja kutoka Koboko kwa lori la tumbaku. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa na Mnubi wa Kibera, kule Nairobi, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imefika mwezi wa nane. Kwetu mtoto wa kwanza haji duniani bila mama wa mzazi kuwapo. Yeye ndiye anayemkanda binti yake, anamnywesha uji wa hulba, na kukaa naye mpaka arobaini zitimie. Lakini kwetu pia mimba haitajwi. Unaiona, unaipikia, unaishonea nguo, ila mdomo unaufunga, kwa sababu neno likitoka halijulikani limesikiwa na nani. Mimi na mama hatukuwahi kulitamka hata tukiwa wawili jikoni.

Basi nilipofika kwenye jina lake, nikauliza kama ninavyowauliza wote, "Sababu ya safari?"

"Kutembea," akasema mama, akatazama vitambaa.

Nikaandika matembezi. Kalamu yangu mwenyewe, na mwandiko mzuri kabisa. Hata nilifurahi jinsi herufi zilivyolala sawa. Nilipompa mjomba orodha aipeleke posta ndipo nikaona nilichofanya: mama alikuwa wa mwisho katika kundi la mwisho. Nikamwambia mama tubadilishe, tuandike ugonjwa. Akakasirika. "Unataka kumwandikia dada yako ugonjwa, naye katika hali ile? Acha. Mungu anajua kusoma."

Siku ya ndege ya mwisho uwanja ulijaa kama sokoni. Kwenye ndege akashuka ofisa kutoka Kampala, mtu mwembamba mwenye miwani, faili kwapani na muhuri mfukoni. Hakuwa askari, lakini tulimwita Afande. Siku hizo kumwita mtu Afande hakukumkosea yeyote. Alikuja kuhakikisha mpango unafuatwa, kisha arudi na ndege hiyohiyo. Akakaa kwenye kiti changu, akafungua orodha yangu, akaanza kuita.

Wa kwanza wakapita, wa pili wakapita. Viti vikabaki vinne, vitatu, kimoja. Hicho kimoja, akasema, ni cha mtumishi wa serikali. Akaacha kuita. Akatazama mstari uliobaki na kikapu cha mama kwenye mizani.

"Mama, wewe unaenda wapi?"

"Nairobi."

"Kufanya nini?"

"Kutembea tu, Afande."

"Kutembea na hii yote?" Akafunua mfuniko wa ukili, ule wa rangi nyingi ambao mama aliusuka mwenyewe. Chini yake kulikuwa na kibuyu cha samli, hulba, ubani, shuka mbili nyeupe na wembe mpya katika karatasi yake. Mwanamke yeyote wa Arua angekisoma kikapu kile kutoka ng'ambo ya barabara. Wote walikisoma, na wote wakatazama pengine.

Mchuuzi mmoja wa samaki wakavu akacheka. "Afande, huyo mama anahama! Atatembea Nairobi mpaka azeeke!"

"Wewe nyamaza," akasema mwanamke nyuma yake. "Samaki yako inasema ya kutosha."

Ofisa akamngoja mama. Mama akafunga kikapu, akaanza kukivuta kutoka kwenye mizani, taratibu, bila kulalamika, na mimi nikaona jinsi mgongo wake ulivyoinama. Nikamwona dada yangu Nairobi amelala chumbani, anasikiliza kila mlango unaofunguliwa. Nilikuwa nimesimama pembeni na daftari langu.

"Afande," nikasema, "mimi ndiye niliyeandika vibaya. Mama anakwenda kumzalisha dada yangu. Ana mimba ya miezi minane."

Hata mchuuzi wa samaki alitazama chini. Mama akajifunika uso kwa ushungi.

Ofisa akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Mtoto wa kwanza?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mbona hamkuandika?" Akanitazama, akamtazama mama, akawatazama wale wanawake wote waliokuwa wakihesabu majani, na nadhani hapo akaelewa kidogo. Akachukua kalamu yangu, akafuta matembezi. Kisha akafuta mstari mwingine juu kabisa, katika kundi la kwanza. Ulikuwa wa kwake mwenyewe, ulioongezwa huko Kampala.

"Basi la Kampala linaondoka saa ngapi?"

"Kesho kutwa, Afande. Likiwa na mafuta."

"Na likikosa?"

Nikasema, "Tutakupa maelezo," kabla ya kufikiri. Watu wakacheka, na yeye pia, Mungu amsitiri.

Mama alipanda bila kunitazama. Ndege ikakimbia, ikanyanyuka juu ya mashamba ya upande wa Adumi, ikawa nukta, nami sikupunga mkono. Ofisa alikaa kwetu siku tano akingoja basi, akala maharage na kisra, ile mikate myembamba ya mtama, ya mke wa mjomba, akaandika ripoti yake juu ya kaunta ya vitambaa.

Mimi sikuandika kitu. Posta nayo ilikuwa ya nchi tatu, na barua hazikufika. Siku zikapita, wiki zikapita. Niliota dada yangu mara nyingi, na katika kila ndoto neno nililolisema lilikuwa ndege mdogo mweusi, linatangulia mbele ya ndege kubwa, linafika Nairobi kwanza na kutua dirishani kwake. Nikaamka nikamwomba Mungu alirudishe. Nilijiambia kwamba ni imani za wazee tu, halafu nikaomba tena.

Mama alirudi kwa basi, arobaini zilipokwisha kupita. Nilikwenda kituoni kila basi lilipokuja, na siku ile kabla ya kuona uso wake niliuona mkono. Uliushika ukingo wa dirisha, umejaa vumbi la barabara yote kutoka Pakwach, na chini ya vumbi ulikuwa na hina. Nyekundu, nzito, mpaka kwenye vifundo. Mwenye msiba hapaki hina. Nikakaa chini palepale, juu ya gunia la mtu.

"Inuka," mama akasema aliposhuka. "Wewe na mdomo wako huo." Akaniziba mdomo kwa kiganja, akakiacha hapo kidogo. Kilinukia hulba.

Tukapanda lori la kwenda Koboko. Nikamwuliza, "Mama, mawingu yakoje kwa ndani?"

"Mimi nijue wapi? Nilifumba macho toka hapa mpaka Entebbe."

Kisha akamgeukia mwanamke aliyekaa kando yetu, mgeni kabisa, akamwambia kwamba ni mvulana. Akamwambia na kilo zake. Akamwambia alivyotoka, upande gani, analia vipi, ananyonya vipi. Neno lilikuwa limekwisha kuruhusiwa sasa. Akamwambia utingo, akamwambia dereva kwa kupitia dirishani, na lori zima likamwitikia. Mimi nilikaa juu ya magunia, nimenyamaza kabisa, nikitazama mawingu kutoka chini, mpaka Koboko.