Presha ya Timazi

Mwashi mmoja walimwita Timazi, kwa sababu kuta zake hazikuinama na maneno yake hayakupinda. Miaka mitano alimeza kidonge chake cha presha kila asubuhi, na kipimo kikatulia. Halafu ghafla kikaruka: mia na sabini na nane kwa mia na nne.

Dada yake hakuhitaji daktari. Alikuja, akakaa, akamtazama mke wa kaka yake kama mtu anayetazama bomba linalovuja.

"Wifi, nyumba hii ina kelele."

"Kelele gani?"

"Zako. Kaka aje kwangu mpaka apoe. Godoro nimeshaanika."

"Mume wangu hahami. Ngoja kliniki, wiki mbili."

"Haya. Ikiwa bado iko juu, namchukua."

Mke akafunga mdomo. Timazi aliingia na viatu vilivyojaa saruji mpaka chumbani. Mke akafagia kimya. Chumvi aliipunguza hadi chakula kikawa kama cha msibani, na watoto wakauliza nani amefariki. Timazi mwenyewe akaingiwa na hofu.

"Mama watoto, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Kula."

Siku ya kliniki kipimo kilisoma mia na themanini na mbili. Wifi yake alikuwa amekuja na begi tupu la kutilia nguo za kaka yake.

"Lakini nimenyamaza wiki mbili," mke alisema.

"Kimya nacho kina kelele zake."

Muuguzi akauliza, "Mzee, kuna dawa nyingine unayotumia?"

"Hakuna. Ni hiyo moja tu."

Timazi hasemi uongo. Lakini mkewe ndiye anayefua suruali zake za kazi, na mifukoni hutoa misumari na maganda ya vidonge.

"Na vile vya kwenye sanduku la kazi?" mke akauliza.

"Vile si dawa. Ni vya kazi."

Muuguzi akaweka kalamu chini. Timazi akamweleza taratibu, kama anavyomweleza saidia fundi mpya: tangu waanze ghorofa, miezi miwili sasa, kila fundi humeza vidonge viwili vya maumivu ya mgongo kabla ya kuchanganya saruji, na viwili mchana. Vinakaa sandukuni, kati ya mwiko na pima maji. Kwa hiyo ni vifaa.

"Mzee, hivyo vifaa ndivyo vinavyopandisha presha. Tena vinaipunguzia nguvu dawa yako. Acha leo. Mgongo tutautafutia njia nyingine."

Wifi alirudi kwake na begi tupu.

Wiki mbili baadaye kipimo kilisoma mia na thelathini na nne. Wifi akasema yeye tangu mwanzo alilishuku lile sanduku.

Hapo mke akamjibu. Alimjibu kuanzia mlangoni mwa kliniki mpaka njia panda, maneno ya mwezi mzima bila kuruka hata moja. Timazi alitembea katikati yao, mkono kiunoni, ametulia kabisa.