Nilimwacha Mama Kabange Asafishe Uozo Wangu

Nianze na aibu yenyewe, maana nikianza na visingizio nitaviamini tena. Mimi ndiye niliyeyaua mayai ya Mama Kabange pale Kamina, wakati wa vita. Niliyaua kwa uvivu, halafu nikamtupia yeye lawama, na watu wakaniamini kwa sababu nilikuwa fundi wa kompyuta.

Jina langu silitaji. Sio hofu, ni kinyaa tu. Nikiliona limeandikwa hapa nitatapika.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye karakana ya parokia. Tulikuwa na mashine ya kutotoa vifaranga, sanduku kubwa la mbao lenye trei ndani, ambalo bruda mmoja mzungu alilitengeneza kabla vita havijamrudisha kwao. Ubavuni alifunga kibao chenye mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo kabisa, kama mdudu mweusi wa miguu mingi. Kazi yake ilikuwa moja: kuwasha mota igeuze mayai kwa saa zilizopangwa, kama kuku anavyoyageuza kwa mdomo. Yai lisipogeuzwa, kifaranga hugandia ganda na kufa humo humo.

Kile kibao hakikuwa na kumbukumbu ya kudumu. Tukibadilisha betri kilisahau kila kitu, na ilinibidi nikitumie upya ratiba ya kugeuza kutoka kwenye kompyuta ya ofisi. Nilituma kwa kebo ya serial. Nyaya zake zilikuwa tatu tu, mmoja wa kupeleka, mmoja wa kurudisha, na mmoja wa kukamilisha njia. Herufi zinapita humo moja moja, kama watu wanaovuka mto juu ya gogo.

Bruda alituachia desturi yake. Ukishatuma, kibao kinakurudishia kile kilichosikia, nawe unakisoma kwenye skrini kwa sauti, mwenzako akilinganisha na karatasi. Hata kwenye fonie ya misheni, ile redio ya kuzungumza na watu wa mbali, tulifanya hivyo: anayepokea habari anairudia yote, ndipo aliyeituma anasema sawa. Watu wa Kamina walikuwa wamezoea. Mama aliyekuja kumsalimia mwanawe wa Kaniama kwa fonie alijua kungoja arudiwe maneno yake kabla ya kuondoka.

Mimi nikaona huo ni utoto.

Spika ya redio yangu ilikatika waya. Vita vilikuwa vimewaka, askari wa kila lugha wamejaa mjini, garimoshi haliji, sokoni hupati hata waya wa kufungia mfuko. Jioni majirani walikusanyika uani kwangu kusikiliza habari, na mimi, niseme ukweli, nilipenda sana kuonekana bwana mwenye redio. Basi nikaipasua kebo ya mashine nikachomoa waya wa kurudisha. Wa kupeleka si upo, nikajiambia, unatosha.

Sasa Mama Kabange. Alikuwa mjane, mama wa mapacha, nyumba yake iko nyuma ya reli. Askari walikuwa wameshakula kuku wa mtaa mzima. Yeye wake aliwaficha chini ya kitanda, mitetea michache na jogoo mmoja aliyefungwa mdomo kwa kitambaa asiwike. Walilala wote chumba kimoja, yeye na watoto na kuku, na harufu ile wakaizoea. Akakusanya mayai juma zima, watoto wasipewe hata moja la kuonja, akayaleta kwenye kikapu chenye nyasi kavu.

"Fundi," akaniambia kwa Kiswahili chetu cha Kamina, ambacho "minyi" ni mimi, "njo" ni ndiyo na "ba" ni wa, "hawa kuku minyi naona batabakamata tu. Haya mayai njo kuku yangu ya kesho."

Kila yai alikuwa ameliandika kwa penseli, msalaba upande mmoja na duara upande wa pili. Parokia ndiyo ilitaka hivyo, ili tujue kama yai limegeuka. Hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa na mayai, kwa hiyo mashine nzima ikawa yake. Nikayapanga kwenye trei, misalaba yote juu.

Nikatuma ratiba. Skrini ikaandika kwamba yote yametumwa. Yametumwa, ndiyo, lakini nani alijibu? Waya wa kujibia ulikuwa nyumbani kwangu, kwenye redio.

Padri akachungulia mlangoni. "Machine imepokea?"

"Imepokea, Mompe," nikajibu, maana ndivyo tulivyowaita mapadri.

Nilisema hivyo bila hata kugeuka kumtazama.

Kumbe programu ya kutumia ratiba nilikuwa nimeiweka upya kutoka disketi nyingine, na mwendo wake wa kutuma haukuwa ule ambao kibao kinasikilizia. Kompyuta iliongea haraka, kibao kikasikia takataka. Kama waya wa kurudisha ungekuwepo, takataka zile zingetokea mbele ya macho yangu, ningerekebisha mwendo, nikatuma tena, mambo yakaisha kabla ya chai.

Joto lilikuwa na kifaa chake peke yake, kwa hiyo kipimajoto kilionyesha vizuri na Padri akaridhika. Ila mota sikuisikia ikinguruma. Hilo pia nalikiri. Nilishinda karibu na lile sanduku, limenyamaza kimya, nikajiambia labda linageuza nikiwa nimetoka.

Mayai yakiwa bado ndani, askari wakafika kwa Mama Kabange. Walichukua mitetea yote na jogoo wake. Alipita karakana siku ya pili yake, macho mekundu, akasimama mlangoni.

"Balibamaliza," akasema. "Lakini Mungu iko, ile ya kwako imebakia."

Nikamjibu asiwe na wasiwasi.

Harufu ilianza kidogo kidogo. Nilidhani ni panya aliyekufa. Halafu ikawa harufu ambayo inakukaa kwenye ulimi, na adhuhuri moja, wenzangu wakiwa wamekwenda kula, nikafungua sanduku. Misalaba yote ilikuwa juu, vile vile nilivyoipanga mimi. Hakuna hata yai moja lililokuwa limesogea.

Nilikimbia nyumbani nikang'oa waya kwenye redio, nikaurudisha kwenye kebo, nikatuma tena. Skrini ikajaa alama za ovyo, nyota, mabano, herufi zisizosomeka. Nikaelewa palepale nilichokifanya.

Mtu mwenye utu angemwita Padri. Mimi niliyageuza mayai. Ndiyo, nilianza kuyageuza kwa mkono, duara juu, ili yeyote atakayekuja aone kwamba mashine ilifanya kazi. Moja likanipasukia kiganjani. Maji ya kijani yakatiririka mpaka kwenye kiwiko, na ndani yake kulikuwa na kifaranga kidogo ambacho kilishapata jicho. Nilijifuta kwa gunia nikaendelea kugeuza. Leo nikiukumbuka ule mkono wangu, natamani ungekuwa wa mtu mwingine.

Padri alikuja ameziba pua. Nikamwambia mayai yalikuwa ya zamani, mama ameleta yaliyokaa, mashine haina kosa. "Angalia mwenyewe, Mompe, yamegeuka." Akaangalia, akatikisa kichwa, akaondoka.

Maneno hayo yalifika sokoni kabla ya jua kushuka. Wakasema Mama Kabange aliokota mayai mabovu akataka kuidanganya parokia. Wakasema kuku wake alishawauza siku nyingi kwa askari, tena kuna waliosema kuuza kwake kwa askari hakukuwa kwa kuku peke yake. Wamama wa chama chao cha parokia wakaacha kukaa naye benchi moja kanisani. Nilikuwa nakaa nyuma yao, naona nafasi tupu kila upande wake, na nikaimba nyimbo zote mpaka mwisho.

Halafu akaja karakana. Alibeba ndoo, majivu na vitambaa.

"Fundi, unisamehe," akasema. "Mayai yangu njo iliharibisha machine ya parokia. Minyi sikujua kama ilikuwa mubaya. Acha nisafishe. Weye iko muntu wa masomo, hapana kuchafuka."

Akapiga magoti. Akaingiza kichwa na mabega ndani ya lile sanduku, akawa anakwangua uozo kwa kucha zake, anatoka nje kutapika, anarudi. Vifaranga alivitoa kimoja kimoja akaviweka kwenye majani. Mimi nilisimama pale na shati langu safi. Alipomaliza akanishukuru kwa kumvumilia.

Na mimi, mbwa mimi, nikamwambia, "Mara ingine, mama, ulete mayai ya mupya."

Hakukaa sana Kamina. Alichukua watoto wake akaenda kwa ndugu zake Kinkondja, ziwani. Mashine haikupata tena mayai. Mimi mayai siwezi kuyala mpaka leo, hata harufu ya kukaangwa inanitoa mezani. Mke wangu nilimweleza baada ya miaka mingi. Hakunitukana. Aliuliza kitu kimoja tu, "Ulimwacha asafishe?" Kisha akatoka kwenda kulala chumba cha watoto.

Vita vilipotulia nilipanda baiskeli ya kukodi nikamfuata Kinkondja. Nilimkuta anapanga samaki juu ya kichanja cha kukaushia, pamoja na wanawake wengine. Aliponiona akafurahi kweli.

"Njo ule fundi nilikuwa nabaambia," akawaeleza wenzake. "Ule nilimuharibisha machine."

Nikamwambia hapo hapo, mbele ya wenzake, bila kupunguza. Waya, redio, takataka, na jinsi nilivyoyageuza mayai kwa mkono. Aliendelea kupanga samaki mpaka nikamaliza. Nilingoja anipige na samaki usoni, nilitamani anipige.

"Bale bamama ba chama," akasema mwishowe, "bengine balikufa, bengine vita ilibatawanya. Sasa utabaambia nani?"

Akaniuliza kama nimekula, nikasema nimekula, nikarudi njia nzima natembea, baiskeli naisukuma.

Basi ndiyo sababu naandika hapa, pengine mmoja wa wale wamama bado yupo mahali na atasoma. Mama Kabange hakudanganya mtu. Mayai yake yalikuwa mazima.

Na wewe unayetuma kitu, kwa kompyuta au kwa mdomo, usiseme kimepokelewa kama hujasikia jibu. Na ukishaharibu, sema siku hiyo hiyo, wakati wale waliousikia uongo wako bado wanakaa mtaa mmoja.