Picha ya Baba Ukutani

Nyumba yetu ya udongo, nje kidogo ya Bariadi, ndani ilivaa gazeti. Baba alibandika kurasa kwa uji wa mihogo kila baada ya kuuza pamba, mpya juu ya kuukuu. Lilikuwa gazeti lile lile la kila siku la Dar es Salaam, likitufikia limeshachakaa, mara nyingi limefungiwa sukari. Mimi niliishia la saba, na sijui kusoma nilifundishwa na shule au na ukuta.

Mwaka huu kaka alitaka kubomoa ajenge ya tofali. Kwa haki, kuta zilikuwa zimepinda kweli. Mayu, ndivyo tunavyomwita mama, akasema, "Kwanza mnitolee baba yenu."

Zamani, baba akiwa hai, gazeti lilimpiga picha akipima pamba kwenye mizani. Nyingine hatuna. Aliubandika ukurasa ule, kisha miaka ikabandikwa juu yake.

Tukalowesha ukuta, tukabandua polepole. Zilitangulia kurasa za rangi. Chini yake, jina tu la gazeti ndilo lilikuwa jekundu. Chini zaidi wino wote mweusi, herufi ndogo kama ulezi, na wakubwa wa nchi walizidi kuwa vijana kadiri tulivyobandua. Nilijiona kama ninayetembea usingizini.

"Ndio huo, wa karibu na dirisha," mayu akasema.

Ukurasa ulionyesha mpira. Picha ya baba ilikuwa upande wa pili. Kaka akacheka. "Baba naye! Timu kaiweka mbele, mwenyewe kajigeuzia ukutani!"

"Siku hiyo walishinda," mayu akamjibu. "Ulitaka afanyeje?"

Nikauvuta. Ukayeyuka mikononi mwangu kama uji.

Lakini kwenye udongo wino ulibaki: mtu, na mizani imehamia mkono wa kushoto, kama kwenye kioo. Au nadhani hivyo. Kaka alisema anaona unyevu tu, na kaka si mwongo.

Mayu akasogeza uso. "Mwadila, baba," akausalimu ukuta kwa Kisukuma, kama anayemsalimu mtu aliyerudi na ng'ombe jioni.

Kaka akaiweka sururu yake chini. Kisha akatoka, akang'oa vigingi vya msingi wa nyumba mpya, akaenda kuvipigilia upya kule karibu na zizi.

"Hapa tubadilishe bati," akasema aliporudi. "Unyevu usije ukazidi."