Mbuzi wa Karatasi

Mwaka ule wa darasa la nane, hesabu za herufi zilinijia mchana, saa za usingizi, upepo wa Isiolo ukileta vumbi mpaka ubao ukawa rangi ya ngamia. Mwalimu akiandika x, mimi niliona mnyama wa mbali kwenye vumbi, kabla hujamtambua ni wa nani. Nilipenda kumngoja. Unatoa huku, unaongeza kule, naye anasogea polepole mpaka unamwona uso. Wenzangu waliziogopa hesabu hizo. Mimi nilielea ndani yake kwa raha zangu.

Lakini swali moja lilinishinda kila mara, na lilikuwa jepesi. Mfugaji ana mbuzi y. Jirani yake ana mara mbili ya hao, kasoro sita. Pamoja wana themanini na wanne. Je, mfugaji ana mbuzi wangapi? Nilipanga kila kitu vizuri, nikafika 3y = 90, nikaweka kalamu chini.

"Wewe, mbona umeacha hapa?" mwalimu aliuliza. Alikuwa mtu wa Meru, mpole ila mwenye haraka. "Si ugawanye na tatu umalize!"

"Mwalimu, hiyo ni mbuzi ya mtu."

Darasa lilicheka, isipokuwa sisi wa kutoka Kulamawe. Kwetu mifugo haihesabiwi. Kuitaja idadi yake ni kuita hasara. Jioni mbuzi wakiingia boma, unasimama mlangoni na kuwatazama nyuso, na asiyekuwepo unamjua. Hao themanini na wanne walitajwa na wenye kitabu, shauri yao. Mimi sikutaka kuongeza wangu.

Baba alikuwa ameshakata neno: nikipita mtihani wa taifa nitaenda sekondari, nisipopita nitarudi nyumbani kuchunga. Alilisema bila hasira, ndiyo maana niliogopa. Niliitaka shule mno. Na kila karatasi ya majaribio ilijaa ng'ombe, mbuzi na ngamia. Sijui watunzi walidhani sisi hatujui kitu kingine.

Siku moja baada ya masomo mwalimu aliniita kando. Hakunicheka.

"Sikiza, msichana wangu. Hizi ni mbuzi za karatasi. Hazina mwenyewe, hazina maziwa. Ukiziona, fanya ni mawe. Hesabu mawe, halafu weka alama kwa herufi ya jibu. Nani atakuuliza?"

Nikaanza mazoezi ya mawe. Mwanzoni mbuzi walikataa katakata. Nikifumba macho waliinua vichwa na kunitazama, majani yakiwaning'inia midomoni. Nilivumilia. Baada ya muda pembe zilipotea, kisha ndevu, kisha ile sauti yao ya kulalamika, mpaka wakabaki wametulia, wa mviringo, hawana habari na mimi. Mtihani ulipofika na swali la ngamia likatokea, nilipita katikati yao bila kujikwaa, nikapaka rangi herufi yangu, nikafungua ukurasa mwingine.

Nilipita. Baba alipoambiwa alinishika kichwa kwa mikono miwili, akaniombea dua ndefu, na nilifurahi hadi nikaona haya.

Likizo ile, jioni moja, aliniacha nisimame mlangoni mwa boma. Jua lilikuwa limezama nusu na vumbi lote lilikuwa rangi ya asali. Mbuzi walinipita wakisukumana, mgongo baada ya mgongo, na kichwani mwangu kitu kilikuwa kikienda chenyewe, taratibu, bila kuniomba ruhusa, kama kilivyokwenda asubuhi walipotoka. Sikukizuia. Kilikuwa kitamu kama usingizi. Wa mwisho alipoingia, nikavuta matawi ya miiba na kufunga mlango.

"Wote wameingia?" Baba aliuliza.

"Mmoja hayuko."

"Nani?"

Niligeuka. Nikawatazama mmoja mmoja, weupe, weusi, wenye mabaka, wale niliowanywesha kwa mkono wangu mwenyewe walipozaliwa. Nilijua kwa hakika kwamba amepungua mmoja. Zaidi ya hapo sikujua lolote.

Baba alinitazama kidogo, kisha akapitisha macho juu ya boma mara moja tu. Akachukua fimbo yake, akatoka kwenda kumtafuta, wala hakuniambia ni nani.