Siku Mkwe Wangu Aliponivua kwa Wavu

Nyie mnaonong'ona kanisani kwamba mama Furaha alivuliwa mtoni kama samaki, acheni kunong'ona, ni kweli, na nawaeleza mimi mwenyewe ili msiongeze chumvi.

Amani, mume wa binti yangu Furaha, anafanya kazi kwenye hoteli moja huko vilimani, kusini ya mji wetu wa Buffalo hapa Amerika, anapeleka wageni mtoni kuvua. Asubuhi ile ndiyo mara ya kwanza kuachiwa mgeni peke yake, bosi amekuja kumtazama, akifaulu kazi inakuwa yake, asipofaulu anarudi kubeba masanduku ya watu. Baadaye alikuwa anipeleke kwa daktari kule Kenmore, donc ndiyo maana nikawa nimekaa kiti cha nyuma (kwetu mama mkwe na mkwe hawakai bega kwa bega, hata mkono hawapeani).

"Mama, mubakie mu gari, joto nimewasha."

Nikasema ndiyo. Nikashuka.

Mungu wangu, niliyoyaona! Maji yanaruka juu ya mawe, meupe, halafu yanatulia mpaka unaona kila kijiwe chini. Katikati amesimama mama mzungu wa rika langu, kavaa suruali ya mpira mpaka kifuani, anarusha uzi kwa fimbo nyembamba, uzi unakwenda nyuma, unakunjuka hewani taratibu kama moshi, unatua majini bila sauti, na mwishoni hakuna mnyoo, ni manyoya tu yamefungwa mfano wa inzi. Mimi niliyeuza samaki Uvira, kule Kongo, miaka na miaka, sijawahi kuona samaki akibembelezwa hivyo.

Samaki akanasa! Fimbo ikapinda, yule mama na samaki wakavutana mpaka samaki akaingia kwenye wavu alioushika Amani pembeni yake, mrefu kama mkono wangu, ubavu mwekundu kama pilipili iliyoiva. Mama akamtoa ndoana, akampapasa, akatabasamu. Amani akainamisha wavu, samaki akaanza kutoka.

Kutoka! Mbele ya bosi! Nikaona kazi ya mkwe wangu inaogelea inaondoka. Nikaingia majini na viatu vyangu vizuri, nikamrushia samaki kitenge, nikamkumbatia, nikaanza kutafuta jiwe la kumpiga kichwani.

"Mama, hapana! Hapa banavua kwa kucheza tu, banamwachilia!"

"Wanamwachilia kwa nini? Mmerogwa?"

Nikateleza. Mkondo ukanibeba nimekaa kitako, maji ya baridi yanafika shingoni, Amani anakuja mbio kanyoosha mikono.

"Usiniguse, Amani! Bora nife na heshima yangu!"

Bosi anapiga kelele kutoka ukingoni kwamba anishike, Amani anamjibu kwa Kiingereza kwamba huyu ni mama mkwe wake, bosi haelewi hilo linazuia nini. Bon, maskini mtoto wa watu akaninyooshea wavu. Nikaushika kwa mkono mmoja, akanivuta juu ya mawe, samaki bado kifuani.

Bosi hakucheka. Yule mama mzungu akapiga magoti karibu yangu, akanionyesha kwa mikono: mshike ndani ya maji, chini ya tumbo, kichwa kielekee maji yanakotoka. Nikafanya, meno yanagongana. Samaki alilala tu. Halafu akavuta pumzi, na nikahisi nguvu zinamrudia, kidogo, kidogo, ndani ya mikono yangu hii iliyopara samaki wasiohesabika. Akaondoka. Nikajikuta nasema asante, na sijui nilikuwa namwambia nani.

Garini Amani aliongeza joto, akashika njia ya kwa daktari.

"Yule mama anataka niende naye tena kesho," akasema, macho barabarani.

"Na bosi?"

"Kazi amenipa. Lakini amesema mama mkwe abakie nyumbani."

Nitabaki, tena bila kununa. Kazi ya mtu usiyoijua, kaa pembeni, funga mdomo, tazama. Mguu wangu hautaingia tena kwenye maji anayotafutia mkwe wangu chakula. Ila kutazama, jamani, kutazama bado natamani.